Saa Tano na Dakika Kumi

Kabla hajauliza lolote, muuguzi husogeza kiti. Dirisha la chumba chake linatazama mashariki na jua la asubuhi huingia moja kwa moja. Mgonjwa akikaa upande ule hukunja uso, na mtu anayeshindana na mwanga machoni hataweza kushindana na maneno kumi kichwani. Basi kiti kinasogezwa. Feni inazimwa kwa sababu inalia. Mlango unarudishwa. Kisha, "Shikamoo, mama," na anasubiri marahaba ifike yenyewe, bila kuiharakisha. Anauliza habari za njiani, kama mama amepata chai, kama dawa za asubuhi ameshameza au bado zimo kwenye pochi. Nilidhani ule ni uungwana tu. Hadi hudhurio la tatu ndipo nilipotambua kwamba kazi ilikuwa imeshaanza.

Katika salamu hiyo moja alikuwa ameshajua mengi. Mama anasikia vizuri upande gani. Jicho lenye mtoto wa jicho ni lipi. Jibu linakuja mara moja, au linachelewa kama maji ya bomba la mbali. Na jambo ambalo mimi nisingeliona kabisa: mama akiulizwa swali dogo, je, anajibu mwenyewe au anageuza shingo kunitazama mimi nimjibie? Wazee wengi wenye akili timamu huwaachia watoto wazungumze, ni adabu ya kuheshimiana. Lakini kuna kugeuka kwa adabu na kuna kugeuka kwa kutafuta msaada, na aliyekaa miaka mingi na wazee huzitofautisha shingo hizo mbili.

Hii ni kliniki ya presha na sukari katika mji mdogo wa pwani. Wanaokuja hapa hawajapooza. Wanatembea, wanachekeshana kwenye benchi, wanalalamika foleni. Lakini daftari la kila mmoja linasema kiharusi kinamnyemelea, na muuguzi huyu amejifunza kuwapima akili kabla kiharusi hakijafika. Wenzake wanapima mkono kwa mashine ya presha. Yeye, kwa wale wanaohitaji, anaongeza dakika 15 za maswali.

Kwa nini hapo, na si kwenye wodi ya waliopooza? Presha ikikaa juu miaka mingi haingoji siku moja ya kishindo. Hupiga polepole vile vishipa vidogo vilivyozama ndani kabisa ya ubongo, kuta zake zikawa nene na ngumu, njia ya damu ikawa finyu. Sehemu ndogo kama punje huanza kufa kwa kukosa damu, wala mkono haulegei wala mdomo haupindi. Otto Binswanger aliandika juu ya kuharibika kwa sehemu nyeupe ya ubongo mwaka 1894. Katika miaka ya 1960 C. Miller Fisher, mtu wa Kanada aliyefanya kazi Boston, akavichambua kwa subira kubwa vile vishimo vidogo vinavyobaki. Siku hizi madaktari huviita viharusi vya kimya. Kimya chake ndicho kinachomleta muuguzi wetu kwenye meza yake.

Na kimya hicho kina tabia yake. Watu hudhani akili ikianza kuchoka, cha kwanza kuondoka ni kumbukumbu. Kwa ugonjwa wa vishipa vidogo mara nyingi sivyo. Mama anakumbuka jina la mkunga aliyemzalisha mwaka wa Azimio la Arusha. Kinachopungua ni wepesi, na uwezo wa kupanga na kubadili: kuangalia wali uliofunikwa jikoni huku ukikuna nazi, ukatoka kumjibu jirani mlangoni, ukarudi ulipoachia. Anayeulizwa juu ya zamani tu atafaulu, na ugonjwa utapita pembeni yake bila kuonekana.

Ndiyo maana vipimo havifanani. Kile cha Marshal Folstein na wenzake, cha mwaka 1975, kilienea duniani kote kwa sababu ni kifupi na kinakwenda kwa alama 30, lakini kwa upande wa kupanga na kubadili hakina nguvu. Mwaka 2005 Ziad Nasreddine wa Montreal alichapisha kingine, nacho cha alama 30, akaongeza kuunganisha namba na herufi kwa zamu, mchemraba na kuchora saa. Kinanasa mapema zaidi. Lakini kilizaliwa miongoni mwa watu waliokaa darasani miaka mingi, na hapo ndipo ufundi wa anayepima unapohitajika.

Nilijifunza hayo kwa uchungu. Kabla ya kufika kwa muuguzi huyu tulikwenda hospitali moja kubwa zaidi. Mama alipewa penseli, akaambiwa anakili mchemraba, aunganishe namba na herufi, kisha achore saa. Mama yangu aliishia darasa la pili. Mikono yake imesuka ukili tangu utotoni, lakini penseli aliishika kama mtu anavyoshika uma wa wageni. Alipata 14 kati ya 30. Mtu mmoja aliyevaa koti jeupe aliniambia palepale kwenye korido, mama akisikia, kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Kwa wiki mbili hakugusa ukili wake. Aliniuliza usiku mmoja kama nitamfungia mlango kwa nje.

Sasa sikiliza habari ya saa.

Maelekezo ya asili, kwa Kiingereza, yanataka mgonjwa achore saa na kuweka mishale kwenye kumi na moja na dakika kumi. Wakati huo haukuchaguliwa hivihivi. Neno "kumi" linamvuta mtu aweke mshale wa dakika kwenye namba 10, jirani kabisa na 11, wakati pake ni kwenye 2. Ubongo wenye afya hujizuia. Uliochoka hufuata mvuto. Ni mtego mmoja mwembamba, umetegwa kwa ustadi. Lakini wakati ule ule kwa Kiswahili ni saa tano na dakika kumi. Mswahili husema tano na mshale ukawa kwenye 11. Hufanya hesabu hiyo ya saa sita kila siku ya maisha yake bila kujua kwamba anafanya hesabu. Ukimwambia achore saa tano na dakika kumi umemtegea mitego miwili: "tano" inauvuta mshale mfupi uende kwenye 5, na "kumi" inauvuta mrefu uende kwenye 10. Kipimo kimekuwa kizito zaidi, na hakuna aliyekusudia. Na anayefasiri neno kwa neno, akasema saa kumi na moja na dakika kumi, amemtajia mgonjwa wakati mwingine kabisa, ule wa kukaribia magharibi, halafu anamkosoa kwa kuchora alichoambiwa.

Muuguzi wetu ameutatua mkanganyiko huo kwa swali la kwanza kabisa: "Saa, mama, huwa unaitazama wapi?" Anayejibu ukutani, au mkononi, huombwa achore, na muuguzi huandika pembeni ni mshale upi uliovutwa na neno lipi. Anayejibu kwamba yeye hufuata adhana hachorishwi saa hata kidogo. Mama alijibu adhana. Penseli haikutoka kwenye droo.

Ningeweza kukaa siku nzima nikieleza jinsi lugha yetu inavyovigeuza vipimo hivi. Kutaja miezi kwa kurudi nyuma, kwa mfano. Kwa anayesema Desemba, Novemba, Oktoba, ni kazi ngumu ya kushika mfululizo na kuupindua. Kwa mzee anayesema mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja, ni kuhesabu tu. Siku za juma ni bora, na zina uzuri ambao sikuwahi kuufikiria: ukirudi nyuma kutoka Jumapili, unakwenda Jumamosi, halafu hesabu inakatika ghafla, Ijumaa, Alhamisi, ndipo uikamate tena kwenye Jumatano. Tuna siku mbili zenye tano ndani yake, moja ya kwetu na moja ya Kiarabu, zimekaa bega kwa bega. Pale kwenye kiungo ndipo muuguzi anapotega sikio. Akili inayobadili kwa urahisi inavuka. Iliyochoka hukwama kati ya Alhamisi na Jumatano, au huruka.

Au kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja. Kwanza, asiyesoma hafikiri kwa herufi. Pili, ukichagua M umemfungulia ghala: mpishi, mvuvi, mkulima, mshonaji, ngeli nzima inamwagika yenyewe. Ukichagua K, kila kitenzi ni halali kwa sababu ya "ku". Herufi moja katika lugha moja si sawa na herufi ile ile katika lugha nyingine, na alama zake hazilinganiki.

Kwa hiyo yeye huuliza wanyama. Dakika moja, taja wanyama wengi uwezavyo. Hapa pia pana shimo, maana kwa Mswahili kuku ni ndege, papa ni samaki, na mzee mwangalifu hatawataja akiulizwa wanyama, akapoteza alama kwa kuwa sahihi. Muuguzi husema tangu mwanzo: wa nyumbani, wa porini, wa baharini, wanaoruka, wote. Saa yake ya mkononi ameivua na kuiweka mapajani, chini ya ukingo wa meza, ili mgonjwa asione kwamba anakimbizwa. Hahesabu tu. Anasikiliza makundi. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, punda, paka, kimya, simba, chui, fisi, tembo, kimya, changu, papa, pweza. Vile vimya ndivyo vyenye habari. Zizi likiisha, akili inatakiwa iamue yenyewe kutoka na kwenda porini, na uamuzi huo wa kuhama ndio unaoumia vishipa vidogo vinapoumia. Mama alitaja wa zizini haraka sana, akarudia mbuzi, akarudia punda, akakaa. Muuguzi hakumsaidia. Niliuma ulimi nisiseme simba.

Huo ndio ugumu wa kazi hii ambao nauheshimu kuliko wote. Binadamu akiona mwenzake amekwama hutaka kumsukuma. Kichwa kinatikisika, midomo inaanza kutamka silabi ya kwanza. Muuguzi huyu ameufundisha uso wake kukaa. Jibu likiwa sahihi husema, "Haya." Likiwa la kosa husema, "Haya." Nimezisikiliza "haya" zake nyingi nikitafuta tofauti, na sijaipata. Wala si ubaridi. Ni mkono uleule wazi kwa kila kinachowekwa juu yake.

Kipimo anachokitegemea zaidi kwa wasiosoma kilitengenezwa kwetu. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, imechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza. Kati ya 2003 na 2006 walihesabu viharusi vya Hai na vya Dar es Salaam, na Dar es Salaam ikaonekana kuwa na kiwango cha juu kuliko karibu sehemu zote zilizowahi kupimwa duniani. Baadaye wakapita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wa Hai, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana dimenshia. Vipimo vya kigeni viliwahukumu vibaya watu ambao hawakuwahi kushika penseli, na wengine wao Kiswahili ni cha sokoni, hesabu na mazishi ni kwa Kichagga. Ndipo kikazaliwa kipimo kifupi cha alama 15, kikakaguliwa Hai na pia Nigeria. Hakina kalamu. Kina maneno kumi ya kukumbuka, wanyama, siku ya leo, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, na njiti za kiberiti.

Daraja nalo lina mambo yake. Siku moja, mlango ukiwa wazi, nilimsikia babu mmoja akiulizwa daraja ni nini, akajibu kwa utulivu, "Inategemea umefaulu la ngapi." Muuguzi hakucheka wala hakuandika kosa. Alisema, "Na lile la mtoni, babu?" na babu akaeleza daraja la mtoni kwa ukamilifu, hadi nguzo.

Njiti, lakini! Wazo la kutumia njiti badala ya michoro lilitoka Nigeria, kwa Olusegun Baiyewu na wenzake, mwaka 2005, na kwangu mimi ni moja ya mawazo yenye heshima kubwa kwa mwanadamu. Walijiuliza swali rahisi: je, tunapima jicho na akili, au tunapima miaka ya kushika kalamu? Muuguzi hupanga umbo, mgonjwa hupanga lake kulifuata. Kila jiko lina kiberiti. Hakuna anayetishwa na kiberiti. Muuguzi anatazama umbo limekaaje, na vichwa vya njiti vimeelekea wapi. Mama aliliangalia umbo mara moja, akazichukua njiti kwa vidole viwili kama anayechagua chane za ukili, akalijenga kabla muuguzi hajaondoa mkono wake. Kisha akaisogeza njiti moja kidogo, iliyokuwa imekaa upogo kwenye umbo la muuguzi mwenyewe.

Natamani ningeweza kuishia hapo, mama ameshinda na koti jeupe limeshindwa. Lakini ufundi huu haukuwepo ili kunifurahisha. Kule kurudia punda na mbuzi kulikuwa kwa kweli. Muuguzi akaongeza kitu cha mikono, kinachotokana na kazi ya Mrusi Alexander Luria: ngumi, ukingo wa kiganja, kiganja bapa, juu ya meza, tena na tena. Mama aliiga vizuri mkono wa muuguzi ulipokuwa ukifanya naye. Mkono ule ulipoondoka, wa mama ukabaki ngumi, ngumi, kiganja, ngumi. Aliutazama kama si wake.

Muuguzi hakutamka jina la ugonjwa wowote. Huwa hatamki, na yuko sahihi, kwa sababu alama ndogo inaweza kuletwa na sonona, na usingizi mbovu, na tezi ya shingo, na upungufu wa vitamini, na dawa zenyewe. Kipimo hiki kinasema tazama hapa, basi. Alichofanya ni kuomba pochi. Akamimina dawa mezani na kuzihesabu. Kadi ilionyesha kwamba presha ya mama ilikuwa 180 kwa 100 mara tatu mfululizo, na mara tatu daktari aliongeza dozi. Mezani palikuwa na paketi mbili za amlodipini ambazo hazikuguswa. Mama hakusahau kwamba ana dawa. Alishindwa kupanga hii ya asubuhi, hii ya usiku, hii nusu, hii baada ya chakula. Dozi zilikuwa zinaongezwa juu ya dozi ambazo hazikuwahi kumezwa.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya kupima mapema kwa mtu ambaye kiharusi bado hakijampata. Mwaka 2020 jopo la wataalamu nchini Marekani lilisema ushahidi haujatosha kupendekeza wazee wote wasio na dalili wapimwe akili, na sibishani nalo. Kliniki ya presha si wazee wote. Ni watu ambao akili ikipungua kidogo dawa hukosewa, dawa zikikosewa presha hupanda, na presha ikipanda akili hupungua tena. Na presha inashikika: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walioshushwa chini ya 120 walipatwa na udhaifu wa awali wa akili kwa uchache kuliko walioachwa chini ya 140, ingawa kwa dimenshia kamili tofauti haikuthibitika.

Muuguzi aliomba daktari apunguze aina za vidonge na azikusanye zote asubuhi. Akamwambia mama avimeze na kikombe cha kwanza cha chai, kwa sababu chai mama hajawahi kuikosea. Mimi nikapewa kazi ya kuhesabu paketi kila Ijumaa, bila kuuliza, bila kufoka.

Maneno kumi ya kukumbuka sijayaandika hapa, na nimejizuia kwa makusudi, maana kipimo kinachojulikana mtaani hakipimi tena. Lakini kuna anayeyajua. Tuliporudi baada ya miezi sita, presha ikiwa 138 kwa 84, mama alikaa kwenye kiti kilichokwisha kusogezwa, akaitikia marahaba, na kabla hajaulizwa chochote akaanza kuyataja. Inaonekana alikuwa akiyarudia wakati wa kusuka, neno kwa kila mkunjo wa chane. Alifika manane. Muuguzi alimwacha amalize, akaandika kitu pembeni mwa karatasi, akafungua droo akatoa karatasi nyingine.

"Hayo ya zamani tumeshamalizana nayo, mama," alisema. "Leo nina mengine."

Akanyoosha mkono, akazima feni.